Gari la zamani: rangi inywe mafuta kabla ya kuguswa na msasa

Land Rover iliyochujuka, Peugeot 404 iliyopauka paa, au Land Cruiser ya miaka ya 1970 ambayo boneti yake inaacha unga kwenye kiganja, ikiingizwa garaji hapa Kalemie shauri huwa limekwisha kukatwa kabla injini haijazimwa. Itapigwa msasa, palipobonyea patazibwa kwa mastiki, itapuliziwa rangi mpya, na baada ya siku chache mwenyewe ataipokea iking'aa. Swali lililostahili kutangulia haliulizwi: je, rangi iliyopo imekufa, au imekauka tu? Kwa magari mengi ya umri huo, jibu ni kwamba imekauka. Na kama imekauka tu, kuipiga msasa ni kutupa kitu ambacho hakuna garaji mjini, wala Lubumbashi, wala ng'ambo ya ziwa Tanganyika, litakaloweza kukirudisha. Mwenye gari la namna hiyo anashauriwa aanze na maji safi, afuate mafuta, kisha nta, na msasa ubaki kuwa neno la mwisho. Ushauri huu haujengwi juu ya mapenzi ya vitu vya kale. Unajengwa juu ya namna rangi hizo zilivyotengenezwa, na juu ya hali ya hewa, vumbi na maji ya mji huu.

Tuanze na rangi yenyewe. Hadi mwanzoni mwa karne iliyopita gari lilipakwa vanishi kwa brashi, koti juu ya koti, na kazi hiyo ilichukua wiki kadhaa. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ilileta rangi ya nitroselulosi iliyoitwa Duco, ikatumika kwenye magari ya Oakland ya General Motors, na muda wa kukauka ukashuka hadi kuhesabiwa kwa saa. Baadaye zikaja rangi za alkidi na za akriliki. Zote hizo, mpaka miaka ya 1970 na kwa magari mengi ya kazi hata baada ya hapo, zilikuwa na sifa moja inayotuhusu: rangi na mng'ao vilikuwa katika tabaka moja. Juu yake hapakuwa na vanishi ya kuikinga, kama ilivyo kwa magari ya leo. Tabaka hilo ni unga wa rangi ulioshikwa na gundi. Jua na hewa vikiishambulia gundi, inavunjika kwanza pale juu kabisa, na unga uliokosa wa kuushika unabaki ukielea. Huo ndio weupe unaouona, na ndio unaochafua mkono. Lakini uharibifu huo ni wa ngozi ya juu tu. Chini yake rangi mara nyingi ni nzima. Ushahidi haupo mbali: fungua mlango, tazama ukingo wa ndani, au ng'oa kibao cha namba uone kilichofichwa nyuma yake. Rangi unayoiona hapo ndiyo iliyolala chini ya ule unga wa boneti.

Kipimo cha kuthibitisha hayo hakihitaji mashine. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kiloweshe kidogo, tia tone la polishi laini, usugue sehemu ndogo isiyoonekana sana. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, nyekundu kwa gari jekundu, samawati kwa gari la samawati, basi una rangi ya tabaka moja, na habari ni njema. Kikibaki na uchafu wa kijivu tu, huenda gari lina vanishi juu, ama tangu kiwandani ama kwa mkono wa fundi wa baadaye. Vanishi inayobanduka kwa magamba haina dawa ya mafuta wala ya nta. Hiyo itaondolewa na kupakwa upya, na hakuna haja ya kupoteza muda kuibembeleza. Kipimo cha pili ni cha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: mahali inapokataa kushika, kuna mastiki nene chini. Kwenye Land Rover kipimo hicho hakifai, kwa sababu sehemu kubwa ya bodi zake, tangu zilipoanza kuuzwa mwaka 1948, ni ya aloi ya alumini, na sumaku haishiki hapo hata kama hakuna mastiki. Kwa hiyo gonga kwa kifundo cha kidole usikilize: bati tupu linalia, mastiki inanyamaza.

Kwa nini nasema rangi ya kiwandani hairudishiki? Kwa sababu ya moto. Rangi za alkidi na za akriliki ziliokwa tanurini kwenye joto lililopita nyuzi 120, bodi ikiwa bado ni bati tupu: haina viti, nyaya, vioo wala mpira. Gari likishaunganishwa, joto hilo haliwezekani tena. Mipira na viti vingeharibika. Hata garaji kubwa lenye chumba cha kuokea hupasha gari zima kwa nyuzi 60 hivi, na kwa hiyo hulazimika kutumia rangi ya aina nyingine, ile inayochanganywa na dawa ya kuikausha. Hapa kwetu chumba hicho mara nyingi ni uwanja chini ya mwembe, na pepo za kusi zinapovuma juu ya ziwa vumbi na wadudu hutua kwenye rangi mbichi. Zaidi ya hayo, dawa hiyo ya kukaushia ina isosianeti, ambazo zikivutwa kifuani huweza kumwachia fundi pumu ya maisha. Kitambaa cha mdomo hakizizuii. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Fundi asiyekuwa nayo, na ni wengi wasiokuwa nayo, analipa kwa mapafu yake ili gari la mtu ling'ae.

Pia kuna unene. Rangi yote ya kiwandani, pamoja na ile ya chini inayokamata bati, kwa kawaida ni kama mikroni 100, yaani haifiki unene wa nywele mbili za kichwa. Sehemu unayoweza kuisugua bila kuiona ile ya chini ni ndogo kuliko hiyo, na gari la miaka hamsini limekwisha kusuguliwa na mikono mingi. Kila kompaundi kali inachukua mikroni kadhaa zisizorudi. Ndiyo maana nasisitiza utaratibu: kwanza mambo yasiyopunguza rangi, kisha yanayopunguza kidogo, na kila hatua ikitosha, simama hapo hapo.

Adui wa rangi hapa mjini wana majina. Wa kwanza ni jua: tuko kwenye nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, karibu na mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba, jua la mchana linasimama utosini. Ndiyo sababu paa, boneti na kifuniko cha buti huchujuka miaka mingi kabla ya milango. Wa pili ni vumbi jekundu la barabara, ambalo ndani yake mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko rangi yoyote ya gari. Kitambaa kikavu kinachopita juu ya vumbi hilo ni msasa uliobadilishwa jina, na madereva wengi huupitisha kila asubuhi wakidhani wanalitunza gari. Wa tatu ni saruji. Gari lililobeba mifuko ya saruji kutoka Kabimba likinyeshewa kabla ya kuoshwa, ule unga ulioganda kwenye madigadi unatoa chokaa kali inayokula gundi ya rangi. Utomvu wa embe na kinyesi cha ndege sitavieleza kwa kirefu. Viondolewe siku ile ile kwa maji mengi, na gari lisilazwe chini ya mwembe, hata kama kivuli chake ni kizuri.

Adui wa nne ni yule anayedhaniwa kuwa rafiki: maji ya ziwa. Watu husema Tanganyika ni maji matamu, na kwa kunywa hilo ni sawa. Lakini sehemu kubwa kabisa ya maji ya ziwa hili huondoka kwa kugeuka mvuke, na kiasi kidogo tu ndicho kinachotoka kwa mto Lukuga hapa Kalemie. Mvuke haubebi madini, yanabaki. Kwa hiyo maji ya ziwa yana madini mengi yaliyoyeyuka, magnesi ikiwa mojawapo, na pH yake inakaribia 9, upande wa magadi. Gari likioshwa ufukweni saa sita na kuachwa likauke lenyewe, kila tone linaacha duara jeupe, na duara hilo likipigwa jua kwa wiki kadhaa linajichimbia ndani ya rangi iliyokwisha kupoteza ulinzi. Ongeza hapo sabuni ya mche iliyopikwa kwa mawese na soda kali: nayo ni ya upande wa magadi, na ikikutana na magnesi inatengeneza utando mzito unaong'ang'ania. Mwenye gari anauona utando huo, anafikiri ni rangi imeharibika, anaagiza kompaundi. Sehemu ya uchakavu unaotibiwa kwa msasa hapa mjini si uchakavu wa rangi hata kidogo. Ni masalio ya kuoshea.

Dawa yake ni rahisi, na inaanguka kutoka mbinguni kwa nusu ya mwaka. Maji ya mvua hayana madini ya kutajika. Acha mvua ya kwanza isafishe mabati, kinga zinazofuata, chuja kwa kitambaa cha pamba, hifadhi kwenye pipa lenye kifuniko. Kwa maoni yangu mwezi wa kufanya kazi hii yote ni Mei: mapipa bado yamejaa, na kiangazi hakijaleta vumbi lake lote. Osha kivulini, bati likiwa baridi, kuanzia paa kwenda chini. Mwaga maji mengi kwanza, bila kugusa, ili mchanga ushuke wenyewe. Kisha tumia ndoo mbili, moja ya povu na nyingine ya kusuuzia sifongo kila baada ya kipande kimoja, ili mchanga uliotolewa usirudi juu ya gari. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inafaa mara hii moja tu, kwa kuwa inaondoa grisi na nta ya zamani. Baada ya hapo tumia shampuu laini ya magari, na ikikosekana, shampuu ya kawaida ya nywele kwa kiasi kidogo. Sabuni ya unga iachwe kwa nguo, maana chembe zake zisizoyeyuka zinakwaruza. Madoa meupe ya maji na ya saruji yanayobaki yapakwe siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, yangojewe dakika moja au mbili, yasuuzwe vizuri. Usiiache siki ikauke, na usiifikishe kwenye bati lililo wazi. Mwisho kausha kwa taulo, usiachie jua kazi hiyo.

Watu wengine watashangaa kuona gari lao, baada ya kuoshwa hivyo tu, limerudisha robo ya rangi yake. Wengine wataona halijabadilika. Hao wa pili ndio wanaohitaji mafuta.

Rangi iliyokauka ina vinyweleo na nyufa ndogo sana, na mwanga ukiigonga unatawanyika ovyo, ndiyo maana jicho linaona weupe badala ya wekundu. Mafuta yakiingia ndani ya vinyweleo hivyo mwanga unapita sawasawa, na rangi ya asili inaonekana tena, kama ngozi ya mguu iliyopauka inavyobadilika ikipakwa mafuta. Hapo hapo unga uliolegea unalainika, na ukisuguliwa baadaye hautoki kwa mafungu wala haukwaruzi. Watunzaji wa magari ya kale wa Marekani wamezoea polishi yenye mafuta mengi na isiyokwangua, na inayojulikana zaidi ni ile namba 7 ya kampuni ya Meguiar's, kampuni iliyoanza mwaka 1901. Namna ya kuitumia ni kinyume cha haraka ya garaji. Chukua taulo la pamba lililochakaa, lenye nyuzi ndefu, likunje, lipake polishi kwa wingi, usugue kipande kimoja kwa nguvu ya mkono mpaka taulo lichukue rangi. Kisha paka koti nene na uliache lilale. Kesho yake sugua tena, futa. Paa na boneti huenda zikataka mara mbili au tatu. Milango mara moja inatosha. Taulo likijaa rangi ligeuze, kwa sababu unga uliotoka ukirudishwa unakwaruza.

Hapa litakuja pingamizi lenye haki. Kama mafuta ndiyo dawa, mbona madereva wanapaka mazutu au mawese tangu zamani, na magari yao hayaponi? Ni kweli mazutu yanang'arisha, na kwa sababu ile ile: yanajaza vinyweleo. Lakini sehemu yake nyepesi inaruka kwa siku chache, inayobaki inanata, vumbi jekundu linakamatwa, na kitambaa cha kesho yake kinalisugua vumbi hilo ndani ya rangi. Isitoshe mazutu yanavimbisha mipira ya madirisha. Mawese nayo yana rangi yake, yanachacha, na hayakauki. Mafuta ya kitani yanakauka, lakini yanakuwa utando wa manjano mgumu kuuondoa, na matambara yaliyoloweshwa mafuta hayo yakirundikwa kwenye kona yanaweza kuwaka moto yenyewe bila kiberiti. Mafuta yanayofaa ni yale ya madini yaliyosafishwa, yasiyochacha wala kunata. Asiyepata polishi ya dukani anaweza kutumia mafuta meupe ya watoto yaliyotengenezwa kwa madini, akipaka kidogo, akilaza usiku mmoja, na kufuta mpaka kitambaa kikavu kiteleze bila kuacha alama. Ni kitu cha dharura, na kinahitaji nta juu yake. Lakini kinashinda mazutu kwa mbali.

Pingamizi la pili linasema mafuta ni ya muda. Ndiyo, ni ya muda, kama ilivyo kwa kila kinga. Ziwa hili lina mfano wake. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf Goetzen karibu na Kigoma, lakini mafundi wake walitangulia kuzipaka injini grisi nene. Waingereza waliinyanyua mwaka 1924, wakazikuta injini zinatengenezeka, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Injini si rangi, nakubali. Ila kanuni ni hiyo hiyo: kinachoharibu ni maji na hewa, na kinachozuia maji na hewa kinanunua miaka. Mwenye gari anatakiwa kununua miezi tu, kisha anunue tena.

Baada ya mafuta ndipo polishi yenye kukwangua kidogo inaporuhusiwa, na kwa mkono kwanza. Jaribu mahali padogo kwa polishi laini kuliko zote ulizo nazo. Ikitosha, usiende kwenye kali. Mashine ikitumika iwe ya kung'arishia, inayozunguka polepole. Hizo zina mwendo wa kati ya mizunguko 600 na 3,000 kwa dakika. Mashine ya kukatia vyuma iliyofungwa pedi ya sponji, ambayo ni jambo la kawaida garajini, inafika mizunguko 11,000, na inaunguza rangi kabla mkono haujapata nafasi ya kuinuliwa. Kingo za milango, mikunjo ya madigadi na vichwa vya ribiti vifungwe kwa utepe wa karatasi, kwa kuwa hapo rangi ni nyembamba kuliko kwingine kote. Kwenye Land Rover ukifika kwenye alumini hautapata kutu, lakini utakuwa na doa la fedha lisilofichika. Kwenye Land Cruiser, ambayo ni chuma, umefungua mlango wa kutu. Kazi hii ifanyike kwa unyevu, wala si kwa vumbi kavu: rangi nyingi za manjano na baadhi ya nyekundu za zamani zilikuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wanaocheza uwanjani.

Nta ifuate siku ile ile. Asali ya misitu ya miombo inatuachia nta nyingi ya nyuki, na mtu angependa kusema itumike hiyo tupu. Kwa bahati mbaya inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na boneti ya rangi nzito iliyoachwa juani inaweza kulifikia joto hilo. Inalainika, inakamata vumbi. Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mnazi-mwitu wa kaskazini-mashariki mwa Brazili, inavumilia mpaka zaidi ya nyuzi 80. Kopo moja linalokuja na meli kutoka Kigoma au na mzigo wa Lubumbashi linatosha gari moja kwa muda mrefu, maana koti linatakiwa liwe jembamba. Rudia kila maji yanapoacha kukusanyika matone juu ya boneti. Baada ya hapo kilicho muhimu kuliko nta ni banda lenye paa na pande zilizo wazi. Turubai la plastiki lililofungwa moja kwa moja juu ya bodi linafungia unyevu ndani, rangi inatoka malengelenge, na upepo unalitikisa likisugua vumbi usiku kucha.

Sasa turudi kwa wale wasemao: yote haya ya nini, ilhali rangi mpya inang'aa zaidi na gari litauzika? Kuhusu kung'aa, wana haki kwa miezi ya kwanza. Kuhusu kuuzika, inategemea mnunuzi. Anayetafuta teksi hatalipia historia, na kwa gari la aina hiyo sina ubishi. Lakini gari la zamani lililo zima lina soko lingine, na soko hilo limegeuka. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, katika Mkataba wake wa Turin, linaweka kuhifadhi mbele ya kutengeneza upya. Februari 2015 mjini Paris, Ferrari iliyokutwa imesahaulika bandani magharibi mwa Ufaransa, ikiwa na vumbi lake na rangi yake, iliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 16. Hakuna Peugeot ya Kalemie itakayofika huko, wala sidai hivyo. Ninachosema ni kwamba mnunuzi mwenye kujua akiona rangi mpya anauliza inaficha nini, na akiona rangi ya kwanza, hata iliyochakaa, anaona bati lote lilivyo. Kwenye mlango uliobeba kwa mkono jina la shirika la reli, la misheni au la kiwanda cha nguo, swali la bei ni dogo zaidi. Maandishi hayo yakipuliziwa juu hayaandikwi tena na yule aliyeyaandika.

Wengine watasema gari lao ni la kazi, halina wiki ya kulala na polishi. Si lazima lilale. Fanya kipande kimoja kila Jumapili: leo paa, wiki ijayo boneti. Gari linatembea kati yake, na tofauti ya kipande na kipande ndiyo itakayomwonyesha fundi na majirani kama njia hii inafaa.

Na panapohitaji kupakwa, papakwe. Kutu iliyotoboa inakatwa na kuungwa bati. Kutu ya juu juu inakwanguliwa pale pale, inapakwa dawa ya asidi fosforiki, inafunikwa rangi ya chini, kisha rangi kwa brashi ndogo. Omba rangi ilinganishwe na ile ya nyuma ya kibao cha namba, siyo na ya boneti iliyochujuka, halafu acha mpaka wa kiraka uonekane kidogo. Kupaka mlango mzima kwa ajili ya doa la ukubwa wa sarafu ni desturi mbaya kuliko zote nilizozitaja.

Waliokwisha kupaka juu wasikate tamaa. Rangi ya kiwandani iliyookwa inavumilia thina zaidi kuliko rangi iliyokaushwa kwa upepo juu yake, mradi ya chini isiwe nitroselulosi, ambayo itayeyuka pamoja nayo. Jaribu ndani ya kifuniko cha buti: kitambaa chenye thina kidogo, dakika chache, mahali pa ukubwa wa kiganja, madirisha ya gari na milango ya banda ikiwa wazi na pasiwe na moto karibu. Rangi ya juu ikilainika na ya chini ikabaki ngumu, una kazi ya miezi mbele yako, kipande kwa kipande. Zikilainika zote mbili, acha hapo hapo, osha, na uitunze hiyo ya juu kwa maji ya mvua na nta.